Mkonge wa Tatu

Lunyo, Busia
Alhamisi, 5 Juni 2025

Kwa Mama Truphena Aboth, Petta

Mama mwenzangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Hunijui nami sikujui, lakini tangu Jumatatu binti yangu analala chini ya paa lako, kwa hiyo haifai tuendelee kuwa wageni. Mimi ni Kevina, mjane wa Maloba, msokota kamba wa hapa Lunyo. Kama umewahi kununua kamba ya mbuzi yenye ncha iliyotiwa rangi nyekundu, basi umekwisha kushika kazi ya mikono yangu.

Naandika kwa Kiswahili cha soko kwa sababu Kisamia changu hutakielewa, na Dhopadhola yako mimi najua salamu tu. Tena naandika barua kwa sababu simu yangu amekwenda nayo Daphine. Chuoni waliambiwa kila mmoja apige picha za kazi yake, na ya kwake ilikufa. Okia, huyu anayeleta karanga kutoka huko na kurudi na mukene, dagaa wetu wadogo, kutoka ziwani, amekubali kuwa posta yetu.

Hiyo kozi Daphine alinieleza hivi. Mwanafunzi anapelekwa kukaa na mtu wiki nane, aone mtu yule anasumbuliwa na nini, halafu atengeneze kitu kwa mikono yake cha kupunguza ule usumbufu. Hakuna mtihani wa karatasi. Nikamuuliza, sasa mwalimu anafanya kazi gani? Akasema mwalimu anakuja kutazama. Mimi niliishia darasa la saba, na mwalimu wangu alikuwa anafundisha. Lakini nimenyamaza, wakati ni wao.

Nikufungulie moyo mapema ili usije ukasikia kwa wengine. Mimi ni mtu wa kushuku. Kila Kwaresima namwomba Mungu aniondolee, na kila Pasaka nakuta ameniachia. Nina sababu zangu, siku nyingine nitakuambia. Daphine ndiye mtoto niliyebaki naye. Naomba uwe macho yangu huko. Ukiona jambo ambalo halikai sawa, usiogope kuniudhi, niandikie.

Mukene hiyo ni yako. Uipepete vizuri, mchanga haukosi.

Wako katika Kristo,
Kevina

*

Petta, Tororo
12 Juni 2025

Mama Daphine,

Barua imefika. Mukene pia. Mchanga ulikuwepo.

Mtoto wako mzima. Anakula kila kitu. Anasalimu kwa magoti mpaka majirani wanacheka kwamba nimeletewa mkwe na mtoto wa kiume sina. Kazi haikimbii. Kwa hayo sina neno.

Lakini umesema nikuandikie. Anahesabu. Nikienda kisimani yuko nyuma yangu, nasikia ananong'ona hesabu. Nikigeuka anasema ni kazi ya chuo. Kisu nikikiacha mahali popote, yeye anakirudisha kwenye kigogo, upande wa mlango, siku zote palepale. Kigoda changu hivyo hivyo. Jumatatu amefunga nyuzi. Mmoja kutoka mlangoni mpaka jikoni. Mwingine kutoka mlangoni mpaka mikonge ya mpaka wa shamba, mikonge yote minne, uzi unapita mmoja hadi mwingine. Kisha akaandika katika daftari lake.

Shamba hili aliniachia marehemu mume wangu. Anayepakana nami ni mdogo wake, Oketcho. Tangu matanga yaishe, Oketcho ana maswali mengi juu ya ule mpaka. Juzi nilisikia sauti yake na ya mtoto wako pale kwenye mikonge. Nilipokaribia wakanyamaza.

Nauliza tu. Hiyo kozi inafundisha nini hasa?

T. Aboth

*

Lunyo
17 Juni 2025

Daphine mwanangu,

Barua hii uisome peke yako, halafu uiweke mahali ambapo mwenye nyumba hafiki.

Siku ya soko uliponipigia kwa simu ya Okia ulisema unatengeneza jiko lisilotoa moshi. Nikashukuru, nikawaambia hata akina mama wa kanisani. Sasa mwenyeji wako ananiandikia habari za nyuzi. Jiko hakulitaja hata mara moja. Nyuzi na jiko vinakutana wapi? Na huyo Oketcho, nani alikutuma uongee naye?

Unajua kwa nini nauliza. Ulikuwa na miaka minane vijana watatu walipokuja na madaftari, wakasema wanachunguza muhogo. Baba yako aliwapa viti. Mimi niliwapikia. Kamba yao ilipokuwa fupi, mimi ndiye niliyewapa ya kuongezea, tena ile nzuri. Baada ya misimu miwili shamba la chini likawa ndani ya seng'enge, na karatasi yenye kidole cha baba yako ilikuwa mezani kwa mtu tusiyemjua hata sura. Alikuwa anafikiri ametia kidole kukubali mbegu. Nikisikia leo kamba imenyooshwa juu ya ardhi ya mjane, na aliyeinyoosha ni mtoto wangu mwenyewe, chakula hakipiti.

Jambo lingine, hili ulijibu polepole. Mwenyeji wako anakunywa? Maandishi yake yanapanda mlima na kushuka. Mstari wa tano umelala juu ya wa nne, nimehangaika nusu saa kuitenganisha. Najua huko wanapika pombe ya wimbi. Simhukumu mtu, lakini wewe unalala nyumba ile.

Nijibu ukweli. Najua unavyoandika ukificha kitu, unaandika habari za chakula.

Mama yako

*

Petta
21 Juni 2025

Mama mpendwa,

Leo tumekula mbaazi. Haya, umecheka? Basi sasa nisikilize.

Mama Aboth hanywi. Hata chai anamaliza nusu kikombe. Ni Mkatoliki wa kweli, rozari yake shanga zimekwisha kuwa laini kama mbegu za papai. Mngekaa pamoja mngepatana, ungemvumilia tu hiyo rozari.

Jiko lipo, limenifika magotini. Linakwenda polepole kwa sababu mikono yangu iko kwenye kazi nyingine, na hiyo siwezi kuiandika. Siku ya kwanza mwalimu alituambia, msimuulize mtu anataka nini, mtazameni anavyoishi. Nikatazama, Mama. Nikaona kitu ambacho mwenyewe hataki kionekane. Hajui kwamba nimeona. Sasa nifanye nini, nikipige picha nikitie kwenye ripoti? Kwenye ripoti nimeandika moshi. Moshi upo pia, sijadanganya.

Oketcho ndiye aliyeniita, si mimi niliyemwendea. Aliniuliza swali moja, nikamjibu kwa kiburi. Usiniulize ni swali gani.

Naomba mambo mawili. La kwanza, usimwandikie Mama Aboth chochote juu ya nyuzi, hata kwa wema. La pili, nitumie kamba yako, ile nyembamba, ndefu kadiri utakavyoweza. Hizi nyuzi za dukani mbuzi wakipita zinakatika.

Daphine

*

Lunyo
24 Juni 2025

Dada Truphena,

Niruhusu nikuite hivyo. Nimekaa na barua ya Daphine siku mbili. Nimeomba, nimefunga hata chai, na bado moyo unanielekeza kukuandikia jambo ambalo mtoto wangu amenikataza.

Daphine anaficha kitu. Amekiri mwenyewe kwamba nyuzi zile si za jiko, na Oketcho amemuuliza swali ambalo hataki kunitajia. Kisha ananiomba kamba. Ananiomba mimi, Kevina, kamba ya kuzungushia shamba la mjane, na anajua yaliyonipata.

Sasa nitakuambia ile sababu ya kushuku kwangu. Shamba letu la chini lilichukuliwa hivyo hivyo, na vijana wenye adabu waliohesabu hatua. Wao pia walisalimu vizuri. Maloba hakuinua kichwa tena mpaka tulipomzika. Miaka yote nimesema moyoni, laiti mtu mmoja angeniambia, Kevina, usiwape kamba, ikate.

Basi mimi ndiye mtu huyo kwako. Zikate nyuzi. Zichome, wala usitie kidole wala sahihi kwenye karatasi yoyote, hata akileta Daphine kwa magoti yote mawili. Simsemi mwanangu kuwa mbaya. Nasema mtoto mzuri anaweza kutumwa na mtu mbaya asijue.

Kamba sikumtumia.

Dada yako katika Bwana,
Kevina

*

Petta
1 Julai 2025

Kevina,

Nimefanya. Jumamosi nilizifuata zote kwa mkono, nikazikata, nikazitia motoni. Mtoto alikuwa anakanda udongo wa jiko lake. Aliacha kukanda. Baadaye nikasikia anavuta kamasi. Chakula alipika kama kawaida na kisu akakirudisha palepale.

Sasa sikia. Jumapili baada ya misa Oketcho amesimama mbele ya wazee wa ukoo, anaomba tutembee mpaka. Wamekubali, Jumamosi tarehe ishirini na sita. Kwetu ni hivi. Mwenye shamba anatangulia peke yake. Wazee wanafuata, na hakuna ruhusa ya kumsemesha. Anatoka mlangoni kwake, anakwenda mkonge hadi mkonge, anaushika kila mmoja na kutaja aliyeupanda. Akipotea, wanasema hawezi kulilinda shamba, na ndugu wa kiume wa marehemu analishika. Mjane anabaki na nyumba na kiwanja cha kuku.

Miaka kumi na miwili tangu matanga Oketcho hakuomba hivyo. Kwa nini ameomba sasa, wiki ya nne tangu huyu mtoto afike? Kuna kitu ameambiwa. Nani mwingine wa kumwambia kama si yule anayenifuata nyuma akihesabu?

Mwalimu wao anakuja tarehe kumi. Nitamwambia amwondoe. Usinichukie.

Iko sababu siku ile itakuwa ngumu kwangu. Hapa sitaiandika. Barua inapita mikono mingi.

Aboth

*

Petta
3 Julai 2025

Mama,

Ulimwandikia. Usikatae, nimeona bahasha yenye nyuzi nyekundu za mkonge ndani ya kikapu chake.

Sasa nakuambia, kwa sababu kukaa kimya hakumlindi tena. Barua hii nimeigandisha kwa uji mara mbili. Okia akifika nayo imefunguliwa, usimpe tena kitu.

Mama Aboth haoni. Yaani anaona kidogo tu katikati, kama mtu anayechungulia kwa tundu la ufunguo. Pembeni hakuna kitu. Siku yangu ya pili hapa alilisalimu koti langu la mvua lililokuwa limeanikwa, akaliuliza limelalaje. Nikajibu mimi kutoka jikoni, naye akasema alijua niko kule. Chai anamimina mpaka kidole kilowe, ndipo anajua kikombe kimejaa. Barua zako anasoma saa sita mchana, karatasi imegusa pua, neno moja moja. Zile zake unazosema zimelewa anaandika bila kuona mstari uko wapi.

Anaficha kwa sababu ya shemeji yake. Siku ile kwenye mikonge Oketcho aliniuliza, "Binti, huyu shemeji yangu anaona sawasawa?" Nikamwambia, "Anakuona wewe mpaka ndani." Alicheka, lakini najua hakuniamini. Siku nyingine alikuja akamnyooshea mkono kimyakimya bila kusalimu, akangoja. Mama Aboth aliendelea kuchambua mbaazi. Ndivyo alivyojua.

Nyuzi zilikuwa njia zake, Mama. Nilitaka miguu yake izizoee kidogo kidogo, asijue ninamfundisha. Nilijua siku moja Oketcho ataomba ule mpaka utembewe, hapa kila mtu anajua desturi hiyo. Kisu na kigoda ni kwa sababu hiyo hiyo. Nilikuwa nimefikia mkonge wa pili.

Sasa ananisikia nikipita anashika rozari kwa nguvu. Wiki moja, nitakuwa nimeondolewa.

Daphine

*

Lunyo
7 Julai 2025

Dada Truphena,

Leo nimeandika kwa mkaa, herufi kubwa, karatasi sita. Utaelewa kwa nini. Hakuna haja ya mimi kutaja, na karatasi hizi ukimaliza uzitie motoni kama ulivyotia zile nyuzi.

Nilikuambia uchome. Nilikosa. Nilikuwa nazungumza na vijana walioniibia mimi, na wewe ukawa umesimama katikati. Mtoto hakumwambia Oketcho kitu. Alimjibu kwamba wewe unamwona mpaka ndani.

Nyuzi zile zilikuwa za miguu yako.

Hajasema kwa mtu mwingine, hata kwa mwalimu. Kwangu alisema baada ya mimi kumharibia kazi. Ukimwondoa, ataondoka na siri yako mdomoni, namjua. Lakini nakuomba usimwondoe.

Siku tatu sijafanya kazi nyingine. Ndani ya mfuko wa karanga kuna kamba, nyembamba, haikatiki hata ng'ombe apite. Kila hatua kumi nimefunga fundo moja. Nimepima kwa miguu yangu, na mimi ni mfupi, huenda mtalazimika kuyafunga upya. Nilipomaliza nimeitazama, nikaona mimi Mwanglikana wa Umoja wa Akina Mama nimesokota rozari. Mchungaji wetu asisikie.

Nimemwomba Okia apande leo ingawa si siku yake ya safari. Amenuna, lakini amepanda.

Kevina

*

Petta
18 Julai 2025

Mama,

Mwalimu alikuja tarehe kumi. Mama Aboth alimpa kiti, akampa karanga, akamwacha atazame jiko. Jiko liko nusu. Mwalimu akaniuliza wiki tano nzima nimefanya nini, nikamwonyesha udongo niliokanda. Ameandika kitu kifupi kwenye fomu yake, na alikuwa hatabasamu. Kisha akamuuliza Mama Aboth kama ana lolote la kusema juu yangu. Mimi nilikuwa nimekwisha kukunja nguo zangu.

Akasema, "Huyu abaki."

Basi. Mwalimu alipoondoka akaniambia nimletee ile kamba iliyokuwa chini ya kitanda. Tangu barua yako ifike alikuwa ameiweka pale. Hakuniomba radhi wala mimi sikumwomba. Aliniuliza tu, "Kutoka mlangoni mpaka mkonge wa kwanza, ulipata hatua ngapi?"

Tunatembea asubuhi, Oketcho anapokuwa sokoni. Yako kweli ni hatua ya kuku, tumefunga mafundo upya. Kamba tunaitandaza, tunatembea, tunaikunja, haibaki nje hata dakika moja. Siku ya nne aliikataa kabisa, akatembea kwa shanga. Hatua moja shanga moja. Mlangoni mpaka mkonge wa kwanza, makumi mawili na nne. Wa kwanza hadi wa pili, makumi matatu kamili. Wa pili hadi wa tatu, makumi manne na tatu, jua la asubuhi likiwa kwenye shavu la kulia. Akikosea ananiambia mimi ndiye niliyehesabu vibaya.

Bado haniamini yote. Jana aliniuliza kama kuna karatasi ya kutia kidole mwishoni. Nikasema hakuna. Akaniuliza tena leo.

Tatizo ni moja. Jumatatu tarehe ishirini na moja chuo kinatuita wote Tororo mpaka Ijumaa. Nitarudi Jumamosi yenyewe asubuhi. Siku tano atakuwa peke yake na Oketcho. Niombee. Muombee yeye zaidi.

Daphine

*

Petta
2 Agosti 2025

Dada Kevina,

Nilitaka Daphine akueleze, akasema yeye alikuwa nyuma ya watu, hakuona vizuri. Nimemwambia basi tumelingana.

Siku ile jua lilitoka safi. Wazee walikuwa saba, na mwenyekiti wa kijiji, na watu wa kutazama, wengi kuliko msibani. Nilitoka mlangoni na rozari mkononi. Nilimsikia Oketcho akimwambia mtu, mwacheni asali, atahitaji. Nilikuwa nasali kweli, Kevina, lakini nilikuwa nahesabu pia, na sijui Mungu alichukua ipi.

Mkonge wa kwanza niliushika. Nikasema, huu alipanda baba mkwe. Wa pili nikaushika. Kutoka pale nikaweka jua kwenye shavu nikaenda. Makumi manne na tatu. Nikanyoosha mkono, hakuna kitu. Nikapapasa, majani matupu.

Sitaki kukudanganya. Nilisema moyoni, yule mtoto amenihesabia uongo. Ndivyo nilivyowaza, nakiri kwako. Wiki nane amekula kwangu na bado hilo ndilo lililokuja kwanza. Nikasikia Oketcho anacheka nyuma. Akasema, "Wazee, mmejionea. Mkonge uko kule, yeye anatuonyesha majani."

Sauti yake ilitoka upande wa ndani, upande wangu, kama hatua tisa. Ndipo nikakumbuka shamba lile nimelima mimi miaka thelathini na moja. Mkonge wa tatu haujawahi kuwa huko. Na nilikuwa nimehesabu kila asubuhi ya wiki ile hata Daphine akiwa Tororo, isipokuwa Alhamisi na Ijumaa, mvua ilininyima. Nikapiga mguu chini. Nikasema, "Chimbeni hapa."

Labda kwenu Lunyo hakuna jambo hili. Baba mkwe alipopanda mikonge, chini ya kila mmoja alizika makaa na vigae vya mtungi uliovunjika, kwa sababu mkonge unahamishwa na makaa hayaozi. Wazee wanajua. Oketcho alikuwa mdogo mno, hakuwepo.

Walichimba. Kwa kina cha mkono wakakuta makaa, kisha vigae. Mzee mmoja akavitia mkononi mwangu nivishike. Halafu wakaenda kuchimba chini ya ule mkonge aliouonyesha Oketcho. Udongo ulikuwa laini, unaingilika kwa vidole, na chini hakuna hata kipande cha mkaa.

Mimi ndiye niliyeongea. Daphine anasema sauti yangu ilifika mpaka barabarani, mimi sikumbuki hivyo. Nilisema, "Wazee, shemeji anasema kweli, macho yangu yamekwisha. Yangekuwepo, ningeufuata ule wake."

Wameamua aurudishe mkonge kwa mikono yake mwenyewe mbele yao. Alipanda. Mimi nilisimama karibu nikisikiliza jembe, kisha nikaenda kuushika wa nne. Mzee mmoja alitaka bado kuuliza, mtu asiyeona atalindaje mpaka. Robinah, shangazi ya akina Oketcho, akamwambia wao saba wenye macho wameupita mkonge uliohamishwa bila kusimama, basi wakae kimya. Shamba limebaki kwangu. Oketcho siku hizi anasalimu kwa mbali, kwa sauti kubwa mno, na mimi namjibu. Lakini kila asubuhi bado nakwenda kuushika ule wa tatu. Nitaendelea kuushika.

Jumatatu Daphine alinipeleka hospitali Tororo. Daktari anasema kilichokwenda hakirudi, lakini kuna dawa ya matone ya kulinda hiki kidogo kilichobaki. Ningekuja zamani. Nilikuwa nimekaa nikimlinda Oketcho asijue, mpaka nikasahau kujilinda mwenyewe.

Mwalimu wao alirudi kufunga kozi. Jiko limekwisha, moshi umepungua, yeye akataka kuandika jiko. Nimemwambia aketi. Nimemweleza yote mimi mwenyewe, kamba, mafundo, kisu kwenye kigogo. Kisha nikamwambia mtoto sasa nampa ruhusa aandike. Mwalimu alitaka kuipiga picha ile kamba. Nikamwambia hiyo ni ya Kevina wa Lunyo, amuulize yeye kwanza.

Daphine ameniachia kitu. Ni ubao wa ukubwa wa karatasi, una fremu, na juu yake ametandaza nyuzi kumi na nane alizozichambua kutoka ncha ya kamba yako, zile nyekundu. Karatasi inakaa chini ya nyuzi. Kidole cha kushoto kinashika uzi, kalamu inatembea juu yake, ikifika mwisho nashuka uzi wa pili. Barua hii yote nimeiandika hivyo, siku mbili, bila kuinamisha pua.

Alipokuwa anaondoka nilimpa kisu chetu akirudishe kwenye kigogo mwenyewe. Alilia, safari hii kwa sauti.

Sasa wewe nitazamie. Mistari yangu imenyooka? Niambie ukweli, usinipendelee. Na mukene utakayotuma, uipepete mwenyewe kwanza. Ule mchanga mimi siuoni, nautafuna.

Dada yako,
Truphena Aboth